Spika Mbili na Sikio Moja

Wengi wenu mwaikumbuka siku ya maonyesho ya sayansi muhula huu, hasa ninyi wazazi mliopanga foleni nje ya maabara ya Fizikia mkingojea zamu ya kuketi katika kiti kimoja cha mbao. Mbele ya kiti kile palikuwa na spika mbili tu, zile zile za bwaloni zinazotumika siku za mahafali. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Hata hivyo, walioketi pale walisikia mvua ikinyesha kuwazunguka, na mtu akipita kando ya sikio lao la kushoto akitikisa funguo. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha buluu aligeuka upesi akashika mkoba wake. Watu walicheka sana, naye akacheka pamoja nao.

Mimi ndiye niliyesimama karibu na kiti nikiwaweka watu sawa, nikisema, "Kichwa kidogo kulia, mama. Hapo hapo. Sasa usitikisike." Nilipima mahali pa kiti kwa futi ya fundi, nikazungushia miguu yake chaki, nikakata nyaya na kuziunganisha. Niliwaeleza wageni jambo lile mara nyingi mno, hata jioni sauti ikanikauka. Lakini mimi mwenyewe sijapata kulisikia hata mara moja, wala sitalisikia. Sikio langu la kushoto ni kiziwi. Katika shule hii, hadi saa hii ninapoandika, wanaojua ni watu wawili.

Nililelewa Pangani na Bibi yangu, mama yake Baba. Baba ni dereva wa lori, na tangu zamani nyumba yake ni barabara. Nilipokuwa na umri wa miaka saba niliugua matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, homa ikapanda, na baada ya siku chache nikapona, nikarudi kucheza kama watoto wengine. Jioni moja Bibi alinipa simu yake nimwamkie Baba, aliyekuwa Mbeya. Nikaiweka sikio la kushoto, nikasema, "Shikamoo, Baba," nikangoja. Kimya. Nikamwambia Bibi, "Baba haongei." Bibi akaichukua, akasikiliza, akanitazama. Kisha akaiweka yeye mwenyewe kwenye sikio langu la kulia, na Baba alikuwamo, akicheka, akiuliza kwa nini leo nimekuwa bubu.

Bibi hakusema neno usiku ule. Kesho yake alininong'oneza sikio la kushoto mara kadhaa akiwa nyuma yangu, nami sikugeuka. Tulikwenda hospitali Tanga. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule huweza kuharibu sikio la ndani, mara nyingi moja tu, na likisha kuharibika hivyo halirudi. Tulipokuwa garini tukirejea, Bibi aliniambia tusimweleze Baba kwanza. "Baba yako yu kwenye usukani mchana na usiku," akasema, "asije akawa anakuwaza wewe badala ya kutazama njia." Ile "kwanza" imekuwa miaka kumi. Tangu siku ile Bibi hutembea nami akiwa upande wangu wa kulia, hata kama njia ni nyembamba na inampasa yeye akanyage majani.

Nilipochaguliwa kuja Kidato cha Kwanza, ilikuja fomu yenye swali: mwanafunzi ana ulemavu wowote? Niliijaza mimi kwa mkono wangu, nikaandika "Hapana." Baba akatia sahihi bila kuisoma, kwa kuwa aliniamini.

Watu hudhani mwenye sikio moja husikia nusu. Sivyo. Katika chumba kilichotulia nasikia vizuri kama ninyi. Nilichokosa ni mahali. Sauti hunijia, lakini hainiambii inatoka wapi. Mtu akiniita uwanjani hunibidi kuzungusha kichwa pande zote hadi macho yamwone, na kwa sababu hiyo katika Kidato cha Pili nilipewa jina la Pangaboi. Wengi hadi leo huniita hivyo na hawajui walilolisema. Kiranja mmoja, ambaye sasa amekwisha kumaliza shule, aliniita kutoka nyuma, nikageukia upande usiokuwa wake. Akasema namdharau, nikafyeka majani juma zima. Darasani huketi ukutani upande wa kushoto, ili darasa lote liwe kulia kwangu. Faida ya hali hii ni moja tu: nikilalia sikio la kulia, bweni lote laweza kupiga kelele nami nisisikie. Lakini na kengele pia siisikii, na rafiki yangu wa kitanda cha juu ndiye hunitikisia kitanda kila alfajiri. Yeye ni mmoja wa wale wawili.

Sasa nisemeni jambo ambalo labda mtalicheka. Hata nilipofika Kidato cha Tatu nilidhani wenzangu hugeuka moja kwa moja kwa yule anayewaita kwa kuwa wana akili nyepesi kuliko mimi. Sikujua kuwa masikio huwaambia.

Nililijua katika Chama cha Sayansi. Mwalimu wetu wa Fizikia alituuliza: mtu akipiga chafya upande wako wa kulia, wajuaje kuwa ni kulia? Tukajibu kwamba sikio la kulia limesikia. Akasema, la, yamesikia yote mawili. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikitoka kulia, hufika sikio la kulia kwanza, kisha hukizunguka kichwa hadi la kushoto; na kuchelewa huko, hata kukiwa kukubwa kabisa, hakuzidi sehemu 6 au 7 za sekunde iliyogawanywa mara elfu kumi. Tena sauti nyembamba huzuiwa na kichwa chenyewe, ikafika ng'ambo imefifia, kama jua na kivuli. Mwingereza mmoja, Lord Rayleigh, aliyaeleza hayo mwaka 1907: kwa sauti nzito ubongo hupima kuchelewa, kwa sauti nyembamba hupima kufifia. Ama mbele na nyuma, na juu na chini, hujulikana zaidi kwa ile mikunjo ya sikio la nje, ambayo huibadili sauti kidogo kwa kadiri ya inakotoka.

Wenzangu waliandika. Kalamu yangu ilisimama. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikijiona mzito wa akili, kumbe lilikuwa jambo la hesabu, na hesabu yenyewe yataka tarakimu mbili, nami ninayo moja.

Mwalimu akaendelea na historia, nami nitaipita upesi. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme huko Paris, Clément Ader aliwasikilizisha watu opera kwa njia ya simu, kila mtu akishika simu mbili, moja kwa kila sikio, nao wakastaajabu kuona waimbaji wana mahali pao jukwaani. Miaka hamsini baadaye, Desemba 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, alipeleka ombi la hataza kuhusu kunasa sauti kwa njia mbili na kuitoa kwa spika mbili. Huo ndio msingi wa sterio tunayoijua. Januari 1934 alinasa kwa njia hiyo okestra ya London Philharmonic katika studio za Abbey Road. Hakuishi kuiona ikienea majumbani: alikufa mwaka 1942, akiwa na miaka 38, katika ajali ya ndege waliyokuwa wakijaribia rada.

Spika mbili zikitoa sauti ile ile kwa nguvu ile ile, mtu aliyeketi katikati huisikia mbele yake, mahali pasipo na spika. Moja ikizidishwa nguvu, sauti huhama kuelekea huko. Hilo kila mwenye redio kubwa nyumbani aweza kulijaribu. Lakini sauti hiyo hutembea kati ya spika na spika tu; haitoki nje ya hapo kumzunguka msikilizaji. Kwa nini? Kwa sababu spika ya kushoto haisemi na sikio la kushoto peke yake. Sauti yake huvuka hadi sikio la kulia, na ya kulia huvuka hadi la kushoto, na kwa kuvuka huko ubongo hutambua kuwa ni masanduku mawili yaliyowekwa mbele. Siri imefichuka.

Basi kazi yote ni kuzuia kule kuvuka. Njia ya kwanza tuliyoitumia ilikuwa godoro. Msicheke. Tuliziweka spika karibu karibu, tukasimamisha godoro la sponji katikati yake kama ukuta, toka kwenye spika hadi puani mwa msikilizaji, ili kila sikio liwe na chumba chake. Godoro lilikuwa langu. Mlezi wa bweni alipokagua akanikuta nimelala juu ya chaga na blanketi aliniuliza maswali mengi, na jibu la kwamba godoro liko maabara ya Fizikia halikumpendeza mpaka Mwalimu alipokuja mwenyewe kunitetea.

Njia ya pili ni ya hesabu, nayo ndiyo mliyoisikia siku ya maonyesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika maabara za Bell nchini Marekani, Bishnu Atal, mzaliwa wa India, na Manfred Schroeder, mzaliwa wa Ujerumani, walifanya hivi. Sauti ya spika ya kushoto inapovuka kwenda sikio la kulia, spika ya kulia hutoa sauti hiyo hiyo iliyogeuzwa, imechelewa kidogo na kupunguzwa kidogo, ili zikutane mlangoni mwa sikio la kulia kwa wakati mmoja. Moja yasukuma hewa, nyingine yaivuta; zinauana. Lakini ile sauti ya kuua nayo huvuka kwenda sikio la kushoto, basi hapana budi iuawe nayo, na ile iliyoiua nayo iuawe, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, hata zikawa si kitu. Programu katika kompyuta ya Mwalimu hufanya yote hayo. Ndiyo maana niliwasumbua kwa chaki na kusema "usitikisike": kichwa kikisogea kidogo tu, sauti hazikutani tena mahali pake, na mvua yote hurudi ndani ya spika.

Ilibaki sauti yenyewe ya kuchezwa. Ilitupasa kuinasa kama masikio yaisikiavyo, yaani kwa maikrofoni mbili ndogo, ndogo kama punje ya kunde, moja katika mlango wa kila sikio la mtu aliye hai. Mwalimu akauliza nani awezaye kuketi nusu saa bila kujikuna. Wote wakasema, "Pangaboi."

Niliketi katika baraza ya bweni jioni moja mvua ikinyesha, waya zikining'inia masikioni. Wenzangu walinizunguka peku, mmoja akitikisa funguo, mwingine akifagia, mwingine akiburuta ndoo. Nilitazama mbele. Nilijua walipo kwa kuona vivuli tu. Mwalimu akaichukua ile sauti, tukaenda maabara, tukasimamisha godoro.

Mwenzangu wa kwanza alipoketi alipiga ukelele. Wa pili aliinua mkono kujikinga na ndoo. Kila mmoja aliondoka macho yamemtoka, akisema, ipo hapa, ipo hapa kabisa, begani. Ikafika zamu yangu. Nikafumba macho. Nikasikia mvua, na funguo, na ufagio, yote kama mtu asikiavyo redio ya jirani. Wote walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Naam! Nyuma yangu!" nikageuza shingo kama walivyogeuza wao.

Ningeachiwa hapo ningekuwa salama. Lakini Mwalimu ni mtu wa vipimo. Alitupa kila mmoja karatasi. Funguo zilichezwa mara 12, nyingine kwa nguvu na nyingine taratibu, nasi tuandike ni kulia, kushoto, mbele ama nyuma. Wenzangu walipata 8, 9, mmoja 11. Kulia na kushoto hawakukosea karibu kabisa. Makosa yao yalikuwa ya mbele na nyuma, na Mwalimu akasema haishangazi, kwa kuwa mikunjo ya masikio yangu si mikunjo ya masikio yao. Mimi nilipata 3.

Aliniita baadaye, akanionyesha karatasi. "Mtu asiyesikia lolote," akasema, "akibahatisha miongoni mwa pande nne mara 12, kwa kawaida atapata tatu." Hakuuliza zaidi. Akaketi kwenye stuli, akaanza kukunja waya polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Basi nikamweleza: matumbwitumbwi, simu, fomu.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaanza kucheka, nami nikaona uchungu, maana sikujua anacheka nini. Akasema, "Umeelewa tulichokifanya? Maikrofoni ilikuwa mlangoni. Haikuingia ndani kujua kama kuna mtu nyumbani." Akanieleza kuwa kichwa changu huzuia sauti kama kichwa cha mtu yeyote, na sikio langu la kushoto kwa nje ni zima, hukusanya sauti, huikunja na kuipitisha, kwa miaka yote hii, mchana na usiku, ingawa ndani hakuna wa kuipokea. Siku ile palikuwa na wa kuipokea. Zile 8 na 9 na 11 za wenzangu, walizipata kwa kusikiliza kwa sikio langu.

Nilirudi bwenini nikaligusa sikio lile. Sikuwa nimeligusa ila kwa kuoga.

Mwalimu aliniambia kuwa nieleze ama nisieleze ni juu yangu, ila ile fomu hapana budi irekebishwe, maana kuna mitihani mbele, na msimamizi akisema neno nisilisikie itakuwa hasara yangu. Tena akasema sahihi iliyo juu yake ni ya Baba.

Siku ya maonyesho Baba alikuja. Lori lake lilikuwa likipita, akaomba saa mbili. Alisimama foleni kama wazazi wote, kofia mkononi, akaketi katika kiti. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani, nikakisogeza kidogo kulia. Nikamwashiria Mwalimu. Niliuona uso wa Baba mvua ilipoanza: alitazama dari. Kisha funguo zilipopita aligeuka kushoto, moja kwa moja, bila kutafuta, macho yake yakaenda mahali pale hasa ambapo rafiki yangu alisimama jioni ile barazani.

"Nani amepita?" akauliza.

"Hakuna aliyepita, Baba. Hayo ni masikio yangu," nikamjibu. Alidhani ni mzaha wa wanasayansi, akanipiga begani akacheka, akawaambia wazazi waliofuata waingie upesi.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia njiani. Nilimsindikiza hadi stendi alikoliacha lori, na barabara ilikuwa na vumbi na pikipiki nyingi. Alitembea kushoto kwangu ili mimi niwe mbali na magari, nami sikuthubutu kubadili upande, maana angeuliza sababu. Tukafika, akapanda, akaondoka.

Fomu sasa imerekebishwa, na nakala iko katika bahasha moja na gazeti hili. Shikamoo, Baba. Tulipokuwa karibu na daraja uliweka mkono shingoni kwangu ukasema maneno, marefu kidogo, nami nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Sikuyasikia. Likizo ikifika naomba uniambie tena, nami nitakuwa upande wako wa kushoto.